Nyumba Yenye Usukani Kushoto

Wiki nzima nilikosa usingizi kwa sababu ya pedali ya breki. Ukiikanyaga mara ya kwanza inazama mpaka chini, kama mguu kwenye tope. Ukiiachia na kuikanyaga mara ya pili, inashika. Sasa, hiyo ni breki mbovu, au ni breki nzima yenye mazoea yake? Nilimuuliza fundi wa mtaa wa Mwanga, akasema kuna hewa kwenye mabomba. Nikamuuliza fundi wa Ujiji, akasema masta silinda imechoka. Mtu wa tatu, ambaye hata sikumuuliza, alikuwa anapita na kikombe chake cha uji, akasema gari la umri ule lina haki ya kuitwa mara mbili. Nikawa na majibu matatu, na kwa mtu kama mimi hiyo ni hali mbaya kuliko kukosa jibu.

Breki yenyewe ilikuwa mlango tu wa swali kubwa zaidi. Jumamosi watu wa chuma chakavu wangekuja na mtungi wao wa gesi kulikata lile gari vipande vipande, isipokuwa kama mimi ningelitaka. Mpishi alinieleza jambo hilo huku anakuna nazi, bila kuniangalia.

"Binti yangu ananiita Tabora," alisema. "Goti hili halikanyagi tena klachi. Ukilitaka, Msomi, ni lako. Ukilikataa, sitakuuliza kwa nini."

Angeuliza, ningekuwa na kitu cha kujitetea. Kwa kuwa hakuuliza, nilibaki nikijihoji mwenyewe, na mimi ni mwulizaji mkali.

Mtaani kwetu Ujiji alikuwa anaitwa Mpishi na hakuna aliyemwita jina jingine. Alikuwa amepika kwenye meli ya ziwani muda mrefu kiasi kwamba alipostaafu, jina halikustaafu naye. Alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba yetu, lakini chumba kile kilikuwa cha kuhifadhia masanduku tu. Maisha yake aliyaishi uani, ndani ya gari la kulala ambalo watalii wawili walilitelekeza baada ya kuharibikiwa wakitokea upande wa Burundi. Lilikuwa na kitanda, meza ya kukunja, sinki, kabati la sahani na jiko la gesi lenye mafiga mawili. Usukani ulikuwa kushoto. Alilinunua kwa kiinua mgongo chake, wakati wastaafu wenzake walikuwa wanajenga vyumba vya kupangisha.

Walimcheka waziwazi. Siku moja mmoja wao alisimama getini kwetu akamwuliza, "Wenzako tumejenga. Wewe umenunua nini?"

"Na mimi nimejenga," Mpishi akamjibu. "Yangu ina usukani."

Kwake hilo halikuwa neno la mzaha. Alikuwa na hoja kamili, na nilimsikia akiitoa kwa mama, kwa mafundi, na kwa mtu yeyote aliyemshauri aachane na lile dude. "Gari likiharibika, watu wanakwambia uza," alisema. "Nyumba ikivuja, watu wanakwambia ziba. Mimi nataka kuishi na watu wanaoniambia ziba. Kwa hiyo hii ni nyumba."

Na kwa kuwa ilikuwa nyumba, ulibisha hodi. Hilo halikuwa na mjadala. Ulisimama kwenye kidaraja cha mlango, ukasema hodi, ukangoja karibu, ukavua viatu. Ukibisha mara tatu bila kujibiwa, unaondoka kimya kimya, hata kama unamwona dirishani anakatakata vitunguu. "Anayejibu karibu ndiye mwenye nyumba," alikuwa akisema. "Asipojibu, hujaonewa. Hujakaribishwa tu."

Fundi wa Mwanga, kijana mwenye maneno mengi, aliichukulia sheria hiyo kama mchezo. Akija kutengeneza chochote alipaza sauti mbele ya boneti: "Hodi rejeta! Hodi fani belti!" Siku moja alikuwa anajiandaa kuingia chini ya injini kwa mgongo, juu ya kipande cha boksi.

"Vua viatu," Mpishi akamwambia.

"Mzee, mimi naingia chini ya gari."

"Chini ya gari lako. Kwangu huo ni uvungu. Wewe kwa watu unaingia uvunguni na viatu?"

"Kwa watu siingii uvunguni kabisa, Mzee. Nitapigwa."

Akavua. Alitengeneza kile alichokuja kutengeneza huku nyayo zake mbili zimejitokeza juani, na mama akapita na ndoo akasema ule mguu wa kushoto unahitaji jiwe la kusugulia.

Hata askari wa barabarani hakusamehewa. Kule Simbo alitusimamisha mmoja, mpole tu, aliyetaka kuona ndani kuna nini. Akaweka mguu kwenye kidaraja. Mpishi akamwambia kwa heshima zote, "Afande, hodi kwanza." Yule askari akacheka, akasema hodi. "Karibu sana. Viatu tu, Afande." Askari akatazama buti zake, zile kamba zilizopanda hadi karibu na goti, akatazama jua, akasema ameridhika kutokea hapo nje.

Lakini Mpishi huyu aliyetubishisha hodi sote, mimi sikuwahi kumsikia akibisha mahali popote. Jikoni kwetu alikuwa anaingia moja kwa moja, anafunua chungu, anatoa kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, anaonja, anafunika. Mama alikuwa akimwuliza kila mara, "Mpishi, wewe huna hodi?" Naye kila mara, "Hodi ni ya mgeni, mama. Mimi nimekuja kikazi." Kisha angesema chumvi imezidi, au mawese ni ya zamani, na angeondoka. Melini, alidai, hata nahodha alikuwa anabisha hodi kuingia jikoni, na yeye mpishi hakumbishia mtu. Sikujua kama ni kweli. Nilijua tu kwamba mazoea hayo yalimwingia hadi kwenye mifupa.

Kutengeneza gari nako alikufanya kwa mazoea ya jikoni, na siwezi kusema alikuwa fundi mzuri. Aliamini kila kinachovuja ni sufuria. Tangi la mafuta lilipotoboka alisugua tundu kwa kipande cha sabuni ya mche mpaka likaziba, na likakaa limeziba muda mrefu kuliko tulivyostahili. Basi akajiona ameelewa kila kitu. Rejeta ilipoanza kuvuja, alipasua mayai ndani yake. Alikuwa amesikia kwa madereva wa malori kwamba ute wa yai ukipata joto huganda penye tundu. Inawezekana ni kweli kwa yai moja. Yeye alitumia kama anayepikia wageni. Tuliondoka Ujiji tukinuka kiamsha kinywa. Tulifika Simbo salama, akanitazama kwa majivuno, na wakati wa kurudi tulivutwa na trekta la mtu wa mahindi.

Fundi wa Mwanga alifungua rejeta ile, akachomoa kitu cha njano kwa kijiti, akakiinua juani.

"Mzee," akasema hatimaye, "hii ni rejeta au chipsi mayai?"

"Haijaiva tu vizuri," Mpishi akasema.

Paa nalo lilikuwa linavuja kila masika, maji yanadondoka juu ya mto wa kitanda. Mafundi magari hawakulijua tatizo la namna hiyo. Ndipo akamleta fundi wa mitumbwi kutoka Kibirizi, ambaye alipanda juu na pamba na lami, akaziba kila mshono kama anavyoziba mtumbwi, akashuka na kupangusa mikono. "Tayari, Mzee," akasema. "Sasa hata ukiligeuza juu chini, litakufikisha Kongo." Lile paa halijavuja tena mpaka leo, ila kwenye jua kali linanuka bandari. Mpishi alisema ndiyo maana usingizi wake ulirudi.

Kisa kinachosimuliwa zaidi mtaani ni cha pampu. Pampu ya maji ya injini ilikufa, na ya aina ile haikupatikana Kigoma. Mpishi akapiga simu duka la vipuri Dar. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nasikia. Angesema "pampu ya maji ya gari" na kukata simu, mambo yangeisha. Lakini yule muuzaji alimuuliza ni gari gani, na Mpishi hakuweza kulitaja gari lile bila kujisifu. Akaeleza kitanda. Akaeleza kabati. Akaeleza sinki, na jinsi unavyoweza kukaanga migebuka huku unatazama nje. Muuzaji akasema ameelewa kabisa. Tukasubiri mzigo, na mzigo ukaja na basi, umefungwa vizuri, na ndani yake kulikuwa na pampu ndogo safi ya kuvutia maji kwenye sinki.

Mimi nilitaka kulia. Nilikuwa tayari nimeanza kutunga kichwani maelezo ya kumpa muuzaji kwa simu, na maelezo mengine ikiwa atakataa, na mengine ikiwa hatapokea. Mpishi aliigeuza pampu mkononi, akaipima uzito, kisha akaifunga kwenye sinki jioni ile ile. Ikafanya kazi. Akafungua koki, akafunga, akafungua tena.

"Nyumba imepata maji," akasema. "Gari litasubiri zamu yake."

Gari lilisubiri. Lilikaa uani hadi kuku wa mama wakaanza kutagia chini ya gurudumu la nyuma. Na hapo ndipo lilipokuwa langu kwa namna fulani, ingawa sikulifikiria hivyo wakati ule. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani, na kazi yangu ilikuwa kuandika barua za kuomba kazi. Ndani kwetu kulikuwa na redio na wageni wa mama. Mpishi akaniambia meza ya kukunja haina mtu asubuhi. Basi kila siku nilibisha hodi, nikakaribishwa, nikavua viatu, nikaandika. Yeye alikuwa anapika akiwa amenipa mgongo. Nikiwa nimekwama kwenye sentensi moja muda mrefu, alikuwa anajua bila kugeuka.

"Unaandika au unachemsha?"

"Nafikiria kama niseme 'naomba' au 'ningependa kuomba'."

"Wewe una njaa au ungependa kuwa na njaa?"

Naandika "naomba". Halafu nikishatuma, nalala macho nikiwaza kama "ningependa" ingekuwa ya adabu zaidi.

Alinicheka kwa kuwaza kwangu, lakini naye alikuwa na wasiwasi wake. Kabla ya kutoka popote, hata kwenda dukani, alihakikisha koki ya gesi imefungwa. Kisha anashuka, anafika getini, anarudi kuhakikisha tena. Kisha ananiambia, kana kwamba ni jambo limemjia sasa hivi, "Msomi, hebu kaangalie ile koki." Moto melini, alisema, huna pa kukimbilia. Sikumcheka. Ilikuwa mara ya kwanza kukutana na mtu mzima anayerudi kutazama kitu alichokwisha kukitazama, na ambaye watu walimheshimu vilevile.

Jambo jingine nililojifunza taratibu ni kwamba Mpishi, aliyepita bandari zote za ziwa, hakuwahi kuziona. Mwanzoni nilidhani anatania. Bujumbura, Kalemie, Mpulungu, alizijua zote kwa jinsi zinavyoonekana katika dirisha la duara la jikoni: nguzo, kamba, kipande cha ukuta, miguu ya wapagazi. Meli ikifunga gati ndipo abiria wengine wanapanda na njaa zao, na yeye yuko kwenye masufuria. Alikuwa anaweza kukwambia Mpulungu inanukaje saa za asubuhi. Hakuwahi kutembea mtaa wake hata mmoja. Kwa hiyo alipostaafu hakutaka nyumba ambayo dirisha lake linaangalia kitu kilekile kila siku. Alitaka kusimama pale anapotaka kusimama. Kwamba gari lilimsimamisha mara nyingi zaidi pale lilipotaka lenyewe, alilipokea kama sehemu ya makubaliano.

Hata pampu ya injini ilipopatikana hatimaye, vijana wa mtaani walilitania hilo gari kwamba limegoma Kigoma. Na kweli liligoma kila pahali. Lililonikaa moyoni ni lile la Kibirizi, alfajiri tulipokwenda kununua dagaa. Tulizima injini, ikakataa kuwaka tena, palepale karibu na maboti ya kwenda Mwamgongo. Abiria walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao wakiwa na baridi ya ziwa, na boti lilikuwa halijajaa. Mimi nikampigia simu fundi, kisha nikampigia tena kumuuliza kama kweli amesikia. Mpishi akawasha jiko. Akachemsha chai ya tangawizi, akakanda unga, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasogea dirishani, akasalimia kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee. Hii ni hoteli?"

"Ni nyumba, mama. Lakini chai ipo."

Wakaja mmoja mmoja, kisha wakaja wote. Nikaacha simu, nikaanza kuosha vikombe kwa maji ya ile pampu ya sinki. Fundi alipofika alikuta foleni, naye akasimama kwenye foleni. Boti liliposukumwa majini, yule mama aliinua kikombe chetu juu, kumbe ameondoka nacho, na Mpishi akampungia mkono akisema atakirudisha. Alikirudisha. Tangu siku hiyo, kila nilipopita Kibirizi alfajiri na kuwaona watu wamejikunyata juu ya magunia, niliwaza juu ya jiko lile, kisha nikajikataza kuwaza.

Barabarani mimi nilikuwa macho yake. Usukani ukiwa kushoto na sisi tunaendesha kushoto, dereva hawezi kuona mbele ya lori analotaka kulipita. Anayeona ni aliyekaa kulia. Nyuma Mpishi alikuwa ameandika kwa rangi, USUKANI KUSHOTO, TUVUMILIANE. Alikuwa ananiuliza, "Nipite?" nami nasema, "Ngoja." Kweli kuna gari linakuja. Linapita. "Sasa?" "Ngoja, kuna kona." "Kona iko wapi?" "Inakuja." Yeye hakuwahi kunilazimisha. Tulifuata malori ya mkaa hadi tukafahamiana na matingo wake. Lakini hatukugongwa, na siku moja alimwambia mama, nikiwa nasikia, "Binti yako anaogopa kwa faida." Sijawahi kupata sifa iliyonikaa vizuri zaidi ya hiyo.

Alinifundisha kuendesha wakati goti lilipoanza kumsumbua, nikapata leseni, lakini sikuwahi kuvuka Simbo nikiwa upande wa usukani. Ndipo ikaja ile wiki ya pedali.

Mama alikuwa na msimamo. "Mwanangu, watu wanatafuta nyumba isiyo na magurudumu," alisema akichambua mchele. "Au wanatafuta gari lisilo na sahani. Wewe unataka vyote viwili vikiwa vibovu?"

"Sijasema nataka, mama."

"Hujasema hutaki."

Hapo alikuwa sahihi. Niliwaza vipuri, niliwaza mvua, niliwaza vijana watakaomcheka msichana aliyemaliza chuo amepakaa grisi. Niliwaza barua zangu: je, ikija kazi mbali? Kisha nikawaza: je, isipokuja? Alhamisi asubuhi Mpishi akanikuta nimekaa kwenye kidaraja cha mlango na funguo mkononi.

"Nipeleke Ilagala," akasema. "Melini nilikuwa naona maji yanageuka rangi pale mto Malagarasi unapoingia. Dirishani yanaonekana kama chai imemwagika. Nataka kuyaona nikiwa nimesimama."

"Breki, Mzee."

"Tutakwenda polepole. Ukiona hapana, tunarudi."

Tukaenda. Sasa yeye alikuwa kulia na mimi kushoto, naye ndiye macho. "Pita," alikuwa akisema. "Ngoja kwanza," nilikuwa nikijibu. "Hakuna kitu, Msomi, pita." "Una uhakika?" Mpaka tunafika tulikuwa nyuma ya lori lilelile la muhogo, hatujapita chochote isipokuwa baiskeli moja, na mwenyewe alikuwa ameshuka anaikokota.

Kabla ya hapo, kwenye mteremko mmoja wa vumbi, lile lori lilisimama ghafla kwa sababu ya mbuzi. Nikakanyaga. Pedali ikazama mpaka chini. Sikuwaza chochote, na hilo lenyewe lilinishangaza baadaye. Nikaachia, nikakanyaga tena. Ikashika. Sahani zote kabatini zikasema neno moja kwa pamoja, nasi tukasimama tukiwa na nafasi ya kutosha kati yetu na yale magunia. Mbuzi wakavuka. Mpishi alikuwa ameshika kijiko chake mfukoni kama mtu anayeshika hirizi.

"Imeitika mara ya pili," akasema.

"Ingeweza kutoitika."

"Ingeweza. Jumatatu ipelekwe ifunguliwe, hilo sikatai." Akaachia kijiko. "Lakini hata hodi, Msomi, nani anajibu ya kwanza? Ya kwanza unasikia tu kwamba kuna mtu."

Ilagala tulitafuta mahali penye kivuli na ardhi ngumu. Nilikaanga migebuka mwenyewe, kwa sababu yeye alikuwa ameshakwenda kutazama maji. Alisimama pale kwa mkongojo, akitazama rangi ya udongo ilivyokuwa inaingia kwenye buluu na kukataa kuchanganyika mpaka mbali sana. Aliporudi alikaa mezani, na ndipo nikagundua kwamba sijawahi kumwona akila akiwa amekaa. Siku zote alikula amesimama, karibu na sufuria, kama atakayeitwa. Alikula samaki mzima taratibu.

"Chumvi?" nikauliza.

"Iko."

Tulirudi bila tatizo, nyuma ya lori jingine.

Jumamosi niliamka mapema nikaingia garini kuwaza kwa mara ya mwisho. Nilifunga mlango, nikaketi kwenye meza ya kukunja. Nilikagua koki ya gesi. Nilikuwa nimefika kwenye jambo la vipuri na naanza upya jambo la mvua niliposikia gari kubwa likiingia uani, sauti za wanaume, na mtungi ukiburutwa. Kupitia dirishani niliona wanaume wawili wenye glavu, na mama mlangoni kwake na ungo, na Mpishi katikati yao akiwa amevaa koti la safari. Treni yake ilikuwa siku hiyo. Sanduku lake lilikuwa kibarazani.

"Ni hili, Mzee?" mmoja akauliza, akagonga ubavu wa gari kwa ngumi. Kikombe kikaanguka ndani.

"Subiri," Mpishi akasema.

Akaja polepole na mkongojo wake hadi kwenye kidaraja. Nilidhani atafungua tu. Mlango haukuwa na komeo, na hakuna mlango mtaani kwetu ambao hakuufungua bila kuuliza. Nilimwona anasimama nje, upande wa pili wa kioo. Hakugusa kitasa.

"Hodi," akasema.

Mama alishusha ungo. Mimi sikujibu. Nilikuwa nimeelewa, na kuelewa kulinizamisha mpaka chini. Nilijua ya tatu ikipita atageuka, atawaambia wale watu waendelee, na atakwenda Tabora bila kuniuliza kwa nini, kama alivyoahidi. Nilijua sina uhakika wa lolote. Niliusubiri uhakika uje. Haukuja.

"Hodi," akasema tena, kwa sauti ileile, bila haraka.

"Karibu, Mzee," nikasema. "Vua viatu."

Kisha nikasikia kiatu kimoja kikiwekwa kwenye kidaraja, na baada ya muda, kwa sababu ya goti, cha pili. Aliingia kwa soksi, akasimama katikati ya jiko ambalo alikuwa amepikia miaka yote hiyo, na hakukaa mpaka nilipomwonyesha kiti.

"Mzee, sasa tunakata au hatukati?" mmoja wa wale wanaume akauliza kutoka nje.

"Mimi ni mgeni hapa," Mpishi akajibu. "Mwenyewe yuko ndani. Mbishie."

Wakatazamana. Kisha yule mwenye mtungi akasogea hadi mlangoni, akavua glavu moja, akasema, "Hodi?"

Nilikuwa nimeshawasha jiko. Nilitia tangawizi, nikafungua koki ya sinki, na maji yakaja.

"Karibuni," nikasema. "Nyumba haiuzwi. Chai ipo."

Wakavua viatu.